Picha ya Ubao wa Mchana

Nitaeleza kwanza jinsi shule mbili zinavyoweza kuishi katika jengo moja. Asiyelijua jambo hilo hatanielewa, na mimi nimezoea kueleza mpaka mtoto wa benchi la nyuma kabisa aelewe.

Vita vya Ituri viliisha mara moja tukiwa wasichana, kisha vikaanza tena tukiwa mama wa watoto. Safari ya pili, vijiji vya upande wa kaskazini vilipochomwa, watu walikuja Bunia na magodoro vichwani, na shule zao zikaja nao. Jengo la shule moja lilibaki kule bila mabati, lakini shule yenyewe ilifika mjini: walimu wake, kengele yake ya chuma, muhuri wake ndani ya kopo la maziwa ya unga, na watoto wale waliojaliwa kufika. Direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, aliambiwa aipokee. Tangu siku hiyo siye tulisoma asubuhi, wao wakasoma mchana. Watoto wetu walipotoka saa sita na nusu, wao walikuwa wamekwisha panga mstari nje, na walikaa kwenye mabenchi ambayo bado yalikuwa na joto la wenzao.

Ubao ulikuwa mmoja. Siye tunauita tablo. Tulipatana hivi: mwalimu akimaliza zamu yake anafuta kila kitu, ili mwenzake aukute safi. Kama somo halijaisha, anachora kisanduku, anaandika ndani yake "Usifute", na mwenzake anaheshimu, anaandika kwenye nafasi iliyobaki. Mapatano hayo yalishikwa vizuri kuliko mengi yaliyotiwa sahihi katika mji wetu.

Kulikuwa na ubao mwingine, mdogo, uliosimamishwa langoni kwa mawe mawili. Huo ulikuwa wa komunike za wazazi: mkutano, mtihani, siku ya kufunga. Barabara zikichafuka, direkta aliandika pale kwa chaki kwamba kesho hakuna masomo. Wazazi wetu walizoea kuamini chaki. Redio inaweza kusema lolote, lakini chaki ya shule ilikuwa neno la shule.

Mimi nilikuwa Madamu wa asubuhi, darasa la sita. Katika darasa hilohilo alikuwako Madamu wa mchana. Watoto ndio waliotupa majina hayo.

Kabla ya yeye kuja, mimi peke yangu katika shule yetu ndiye niliyepata mafunzo ya kufundisha watoto mtandao. Yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa parokia, na tulipewa cheti chenye rangi mbili. Nilikitundika sebuleni juu ya redio. Direkta alinipa saa moja kila Alhamisi, na ndani ya kabati lake mlikuwa na tableti moja iliyoletwa kwa ajili ya shule, bado kwenye boksi. Aliniambia inspekta atakuja kabla ya mwisho wa muhula. Baada ya hapo mwalimu mmoja atapewa kozi ya mtandao kwa madarasa yote, ya asubuhi na ya mchana, na tableti itakuwa mikononi mwake.

Niliitaka kozi ile. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha sehemu na desimali, na sijaona mtoto akikimbia nyumbani kuwasimulia wazazi habari za desimali. Halafu katika vita vya safari hii ni simu iliyokuwa ikiamua kama familia italala nyumbani au itatoka. Odio moja, ujumbe mmoja wa sauti, ilikuwa inatosha kuhamisha mtaa. Nilitaka niwe mimi niliyewafundisha watoto wa Bunia kuishika simu bila kuchomwa nayo. Hamu hiyo ilikuwa njema, na hata leo siionei haya. Ninaona haya kwa kile kilichoota pembeni yake.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliandika: "Mtandao ni muungano wa kompyuta nyingi duniani." Watoto walinakili. Nilipita kati ya mabenchi nikisema, "Vizuri sana, mpenzi, sasa jaribu tena hapo," na hakuna aliyelia katika darasa langu. Nilichora kompyuta yenye sehemu zake zote. Walijua kuitaja kila sehemu, hata wale ambao hawakuwahi kuigusa.

Halafu asubuhi moja nikakuta kisanduku.

Ndani yake kulikuwa na mchoro. Mdomo upande wa kushoto, kisha sikio, kisha sikio, masikio saba kwa mstari, na mwisho kabisa jicho moja kubwa lenye kope. Chini yake swali: "Nani aliona?"

Watoto wangu hawakufungua madaftari.

"Madamu, hii ni ya nani?"

"Ya wenzenu wa mchana. Siye tuko na yetu."

"Lakini Madamu, masikio iko mingi, kwa nini jicho iko moja tu?"

Sikujizuia, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yangu. Nikawaeleza kwamba habari hupita kwa watu wengi waliosikia, na pengine aliyeona ni mmoja, na pengine hayuko kabisa. Walinielewa mara moja. Mmoja akasema kwamba shangazi yake ni sikio namba tano, darasa lote likacheka. Lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyotoa muhula ule, na halikuwa langu. Walipokuwa wakitoka, nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Kesho ule wa mchana ataandika nini?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo juu yangu.

Siku hiyo nikangoja zamu ya mchana ifike. Nilikuwa bado sijakutana naye, nikategemea kuona msichana mwenye simu kubwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mwembamba, amefunga kitenge cha bluu ambacho nilikuja kujua kwamba ndicho pekee alichotoka nacho kijijini. Chaki zake aliziweka ndani ya kopo la pomadi. Simu yake ilikuwa katoshi, kile kisimu kidogo chenye tochi, na namba kwenye vitufe zilikuwa zimefutika.

"Madamu, weye njo unawafundisha mambo ya mtandao?" nikamwuliza.

"Ni mimi, mama."

"Na simu hii?"

Akaigeuza mkononi, akacheka. "Hii haiingie mtandao ata ukiisukuma. Lakini uongo nilikuwa naujua mbele ya simu kufika kwetu." Kisha akaniangalia kwa heshima ya kweli. "Nasikia weye uko na cheti. Siku moja utanifundisha?"

"Bila shaka, mama. Uje tu."

Nilisema kwa sauti yangu ile ya kutia moyo. Sikumwambia siku wala saa.

Wivu una namna yake ya kufanya kazi, na nimeuchunguza vya kutosha kuweza kuueleza. Haukuniambia kwamba namchukia. Uliniambia kwamba nina wasiwasi juu ya watoto. Niliposoma ubao wake asubuhi, nilitafuta makosa kwanza. Alikosea neno moja, nikafurahi hadi saa ya mapumziko. Alipokosa kuacha kisanduku, nilisema moyoni kwamba ameishiwa, na papo hapo nilijisikia maskini, maana na mimi sikuwa na la kuwaambia watoto.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Binti yangu alikuwa katika darasa langu mwenyewe. Darasani aliniita Madamu, nyumbani mama. Hilo tuliliweka tangu darasa la kwanza. Mchana alipaswa kurudi kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Akaanza kuchelewa, na visingizio vyake vilikuwa dhaifu. Siku moja nikarudi shuleni kimya kimya, nikamkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, viwiko kwenye dirisha la darasa letu, anasikiliza.

Sikumwita. Nilisimama nyuma ya ukuta, na mimi nikasikiliza.

Madamu wa mchana alikuwa amempa mtoto wa benchi la kwanza kipande cha karatasi chenye sentensi moja. Kila mtoto alisoma, akaandika upya kwa kalamu yake, akatia sahihi, akampa jirani. Huko waliita kupartaje, yaani kusambaza, kama kwenye simu. Karatasi ilipofika mwisho, mtoto alisoma kwa sauti. Mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu alikuwa amekuwa ng'ombe watatu walioibiwa. Darasa lililipuka kwa vicheko. Kisha yeye akasema, polepole, "Bon. Sasa turudi nyuma. Nani alikupa?" Na mtoto mmoja baada ya mwingine walisimama, wakamtaja aliyewapa, wakasoma sahihi zao wenyewe, mpaka wakampata aliyeongeza ng'ombe. Mtoto huyo alificha uso. Madamu hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Uliona ng'ombe?"

"Sikuona, Madamu."

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Mbuzi ilikuwa inachosha."

Hata mimi nilicheka nyuma ya ukuta. Kisha nikamtazama binti yangu juu ya ndoo, jinsi alivyokuwa akicheka na bega lote, na kicheko changu kikakatika. Katika darasa langu hakuwahi kucheka hivyo.

Jioni wakati wa kula aliniambia, "Mama, Madamu wa mchana anasema kila habari iko na mama yake."

"Kula," nikamwambia.

Wiki iliyofuata direkta alitangaza kwamba inspekta amepanga siku, na kwamba amesikia sifa za zamu ya mchana. Alisema hivyo akiangalia upande mwingine, kama mtu anayemwambia mke wa kwanza kwamba kuna wa pili. Asubuhi iliyofuata nilifika shuleni mapema kuliko watoto, na nikakuta kisanduku kikubwa kuliko vyote. Kilijaza nusu ya ubao.

Juu kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: "Zoezi: tafuta alama tano za uongo." Chini, kwa herufi kubwa:

"HABARI YA HARAKA!!! Kesho asubuhi adui wanaingia Bunia kwa barabara ya Mongbwalu. Shule zote zimefungwa. Mwanajeshi mkubwa amethibitisha. Usiulize, tuma kwa watu kumi upesi!"

Lilikuwa zoezi zuri mno. Nilizihesabu alama tano hapohapo: haraka, hakuna jina la aliyeona, mkubwa asiyejulikana, usiulize, tuma. Mimi na cheti changu nisingeweza kulibuni. Nilisimama mbele yake na chaki mkononi, na nilijua kabisa kwamba kozi imekwenda.

Nikatoa simu. Mara ya kwanza niliinua nikaona ubao wote, na mstari wa juu ulisomeka vizuri. Sikubonyeza. Nilisogea hatua mbili mbele. Mstari wa juu ukatoka kwenye kioo. Nikabonyeza. Watu husema picha ilikatwa, kana kwamba simu ina mkasi. Ilikatwa na miguu yangu.

Niliituma kwenye grupu ya walimu, na maneno haya: "Mmeona mambo yanayoandikwa katika darasa letu?" Nilitaka direkta asome, akasirike, aseme kwamba mwalimu wa namna hiyo hafai kupewa kozi. Hilo tu. Picha ilizunguka kidogo, ikaenda. Kisha nikachukua kitambaa, nikafuta ubao wote, pamoja na kisanduku. Siku zote tulizokuwa tumeshiriki ubao ule, hakuna aliyewahi kufuta kisanduku cha mwenzake.

Nikaanza desimali.

Haikufika mapumziko. Nilisikia kwanza pikipiki, nyingi, zikisimama langoni. Halafu sauti za wanawake. Mama mmoja aliingia darasani kwangu bila kubisha, mikono imejaa unga, akamshika mtoto wake mkono.

"Mama, tulia, tuko kwenye somo."

"Somo gani? Adui iko Mongbwalu barabarani na weye uko na somo!"

"Nani amesema?"

"Shule imesema! Si mwandiko ya shule hii?" Akanionyesha simu. Chaki nyeupe, ubao mweusi. Mwalimu mmoja alikuwa ameituma kwa ndugu yake, ndugu kwenye grupu ya wazazi, na njiani maneno niliyoyaandika pamoja na picha yalidondoka. Ilibaki picha peke yake, na kwa wazazi wetu ubao uliopigwa picha shuleni ulikuwa komunike.

Wengine hawakutumia mlango. Walivuta watoto kwa madirisha. Dereva mmoja wa pikipiki alipakia wanne, wa mwisho amekaa juu ya tangi akiwa bado ameshika rula. Mimi nilisimama mbele nikisema, "Polepole, wapenzi, mmoja mmoja," na sauti yangu ilikuwa tulivu, na moyoni nilikuwa mchafu. Binti yangu alikuwa ameazima simu ya mtu, akawa anaitazama ile picha.

"Madamu," alisema, "mustari wa yulu iko wapi? Jana mchana ulikuwa hapa. Zoezi."

"Toka nje, mpenzi, tunakwenda nyumbani."

"Mwenye kupiga picha aliukata."

Nilimshika mkono tukatoka.

Langoni tulimkuta Madamu wa mchana. Alikuwa akija upande ambao kila mtu alikuwa anaukimbia. Alikuwa ametoka kwa miguu katika kambi ya waliokimbia vita, alikoishi, kitenge kimelowa tope hadi magotini. Jirani yake alimwonyesha picha, akautambua mwandiko wake. Alisimama katikati ya barabara akiwatandazia watu mikono.

"Ni zoezi! Wamama, ni zoezi ya watoto! Ni mi niliandika!"

"Kama ni weye uliandika, basi ni kweli," mwanamume mmoja alimjibu akipita na godoro.

Kambini kwao watu walifungasha kabla ya adhuhuri na kushika barabara ya Komanda. Mvua iliwakuta njiani. Hakuna adui aliyeingia kwa barabara yoyote. Walirudi siku ya pili yake, na wazee wawili walirudi wakikohoa.

Direkta aliitisha mkutano kesho yake katika darasa letu. Wazazi walijaa hadi dirishani. Alimwita Madamu wa mchana mbele, akampa simu yenye picha.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, direkta. Lakini yulu yake kulikuwa mustari: zoezi, tafuta alama tano za uongo."

"Mi siuone."

"Na mi siuone," alisema. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Juu ya ubao kwenye picha kulikuwa na kivuli cha vyuma vya dirisha, mistari minne. Nilikiona mara ya kwanza pale, kwenye simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa benchini. Madirisha yetu yanaangalia mashariki. Kivuli hicho huanguka ubaoni asubuhi na mapema tu, na saa hiyo ufunguo wa darasa huwa mfukoni mwangu. Aliinua macho akanitazama. Halafu akamrudishia direkta simu, hakusema kitu.

Hata ukimya ule niliuonea wivu. Mimi nisingeuweza.

"Mwalimu gani huyu," mama mmoja alipaza sauti, "anafundisha watoto kuandika uongo?"

"Uongo ya kweli kabisa," mwingine akajibu, "na exclamation tatu!" Watu wakacheka, kicheko cha hasira.

Direkta akapiga meza. Alisema mchana hakuna tena mambo ya mtandao. Mchana ni Kifaransa na hesabu. Kozi itabaki kwa Madamu wa asubuhi, ambaye ana mafunzo na ana cheti, na inspekta atajulishwa hivyo.

"Asante, direkta," nilisema. Nilisimama kabisa ili kusema hivyo.

Alhamisi nilipewa tableti. Niliifungua mbele ya watoto, nikawapanga waiguse kwa zamu, kidole kimoja kimoja, kwa dakika moja. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa mikononi mwangu, kizito kidogo, chenye harufu ya plastiki mpya. Zamu ya binti yangu ikafika.

"Njoo, mpenzi."

"Nimekwisha kuona, Madamu."

Alibaki amekaa. Jioni nikamwita aje kula. "Nakuya, Madamu," alijibu kutoka chumbani. Nilidhani amekosea. Nilipompa maji akasema, "Asante, Madamu."

Nikaelewa kwamba amejua ni nani aliyeukata mstari ule, kwamba hatasema kwa mtu, na kwamba ataniita hivyo mpaka lini sijui.

Siku iliyofuata nilibaki darasani saa sita na nusu. Watoto wangu walitoka, watoto wa Madamu wa mchana walikuwa bado nje. Aliingia na kopo lake la pomadi, akanisalimu kama kawaida.

"Mama," nilisema, "ile picha ni mimi."

"Najua."

"Kivuli?"

"Kivuli. Na kisanduku ulifuta. Mwizi mwengine angeacha." Alifungua kopo, akachagua chaki. Chaki ikamponyoka, ikaanguka. "Kwa nini haukuniambia tu kama unaitaka ile kozi? Mi ningekupa masomo yote. Niko nayo mingi. Usiku mi silali, natunga."

"Kwa nini hukusema kwenye mkutano?"

"Ningesema, wangeamini nani? Weye uko wa hapa. Mi ni wa kambi." Aliokota chaki. "Na usiniambie pole. Majirani zangu hawanisemeshe. Mtoto wa dada yangu aliuliza kama ni mi niliwalowesha mvua. Pole yako sijue niiweke wapi. Weye uko mwalimu, unajua kueleza. Wende ukawaelezee."

Nilikwenda kwa direkta. Alinisikiliza akiwa ameshika paji la uso, kisha akafunga mlango. "Wacha, Madamu. Inspekta iko anakuya. Tukianza kusema ni weye, shule yote itaharibika."

"Direkta, yeye ameharibiwa tayari."

"Yeye ni mugeni. Atahama."

Neno hilo ndilo lililonisukuma. Lilikuwa wazo langu mwenyewe; nilikuwa nimelibeba wiki nzima bila kulitamka, na kumbe linasikika vibaya hivyo likitoka kinywani mwa mtu.

Nikakaa kwenye ngazi za shule, nikarekodi odio, nikaituma kwenye grupu ya wazazi. Picha nzima sikuwa nayo, maana sikuwahi kuipiga, na ubao nilikuwa nimeufuta. Nilikuwa na neno langu tu. Nilieleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza desimali: mstari wa juu ulisemaje, nilisimama wapi, nilisogea hatua ngapi, na kwa nini. Nilisema, "Niliona wivu." Hapo nilirudia, nikijua kwamba wengine watafikiri simu imekata.

Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyowahi kujibiwa na darasa lolote. "Mama, kumbe ni weye?" "Cheti yako ilifundisha hiyo?" Mmoja wa kambini aliandika, "Kuya uanike magodoro yetu, Madamu." Nilikwenda. Nilianika magodoro kwa mchana mmoja, na wanawake walinipigia makofi ya kejeli kila nilipogeuza moja.

Direkta alininyang'anya tableti bila maneno mengi, na inspekta alipofika alimsikiliza Madamu wa mchana. Kozi ikawa yake, madarasa yote, asubuhi na mchana. Alipoingia darasani kwangu Alhamisi ya kwanza, mimi nilikaa benchi la nyuma, magoti yamebanwa chini ya meza, karibu na binti yangu ambaye alisogea kunipa nafasi bila kuniita jina lolote.

Somo lilikuwa juu ya picha. Aliuliza kama picha inaweza kusema uongo wakati kila kitu ndani yake ni kweli. Watoto walibishana. Kisha akasema, "Kuko mtu hapa anaweza kutuelezea vizuri kunishinda. Madamu, kuya mbele, tafadhali."

Nilidhani ananiaibisha, na pengine alikuwa na haki. Lakini alikwenda kukaa kwenye kiti changu, akavuta rundo la madaftari. Nikaandika ubaoni yale maneno yote, pamoja na mstari wa juu. Nikamwita mtoto mmoja, nikampa fremu ya karatasi aishike mbele ya jicho. "Unaona nini?" Ubao wote, Madamu. "Sogea hatua moja. Na nyingine. Sasa unaona nini?" Akasoma, na alipofika kwenye "shule zote zimefungwa" sauti yake ikabadilika. Wote walitaka kujaribu. Walipanga mstari hadi mlangoni. Waliuliza kwa nini nilisogea, nikawaambia. Waliuliza wivu unauma wapi, nikawaonyesha, hapa, chini ya koo. Hawakucheka. Mmoja alisema na yeye unamuumaga hapohapo, juu ya ndugu yake. Sikuwahi kusikilizwa namna ile.

Katikati ya sentensi nilijikuta nikimtazama Madamu wa mchana, kwa pembeni, nione kama ananionea wivu hata kidogo. Alikuwa ameinama, anasahihisha madaftari yangu ya desimali.